Mipangilio Si Jalala

Jumatatu ya kwanza ya muhula, mwezi wa Januari, mwalimu mkuu wa shule moja iliyokuwa ikitumia mfumo wetu wa kukusanya ada alinipigia simu saa mbili asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia harakaharaka, kisha akasema: "Mwanangu, hapa mbele yangu yuko mama ana ujumbe kwenye simu yake kwamba pesa imekatwa tangu Jumamosi. Mfumo wenu unasema hajalipa hata shilingi. Mtoto wake nimrudishe nyumbani au nimwache aingie darasani?"

Nilimwomba amwache aingie. Nikamwahidi kwamba baada ya saa moja mambo yatakuwa sawa. Ahadi ile niliivunja. Mambo yalikuja kuwa sawa alfajiri ya siku ya pili, na katikati hapo simu hazikukoma, kila mzazi na ujumbe wake wa malipo mkononi, na kila mmoja akiulizwa na karani risiti ambayo mfumo wetu haukuwa umeitoa.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Mtu akilipa kwa simu, kampuni ya malipo huuarifu mfumo wako kupitia anwani uliyoiandika kwenye mipangilio. Anwani yetu ilikuwa inaelekea kwenye laptopu ya kijana aliyekwisha acha kazi. Wakati wa majaribio alifungua njia ya muda kutoka kwenye intaneti hadi kwenye mashine yake ili aone majibu yanavyoingia, akaiandika anwani ile, akaisahau. Pesa za wazazi zilitoka, zikafika kwenye akaunti ya shule, na taarifa zake zikatumwa kwenye mlango ambao nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mstari mmoja, na kuutafuta kulituchukua karibu saa ishirini, kwa sababu ulikuwa umeandikwa mahali panne.

Mfumo wetu ulijengwa kwa Django. Tulikuwa na faili la base.py lenye mipangilio ya jumla, na anwani ilikuwamo. Tulikuwa na production.py la mfumo ulio laivu, na anwani ilikuwamo humo pia. Tulikuwa na .env, faili la vigeu vya mazingira, na ilikuwamo. Tulizikagua zote tatu, tukasahihisha, tukawasha upya. Hakuna kilichobadilika. Tukailaumu kampuni ya malipo, tukawapigia, wakatuambia wao wanatuma. Tukaulaumu mtandao. Tukaulaumu ukuta wa usalama wa seva, tukaufungua, tukaufunga tena. Saa nane usiku, mwenzangu alikuwa anausoma production.py kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma hukumu. Alipofika mwisho akanyamaza. Chini kabisa kulikuwa na mistari minne iliyosema hivi: jaribu kuingiza kila kilichomo ndani ya local_settings, kama faili hilo halipo, nyamaza uendelee.

Kwenye laptopu zetu faili hilo halikuwapo. Kwenye Git, tunakotunza msimbo, halikuwapo, maana mtu alikuwa ameliandika kwenye .gitignore, orodha ya yasiyotunzwa humo, miaka miwili nyuma. Lilikuwapo kwenye seva tu. Ijumaa iliyotangulia tulihamia seva mpya kwa kunakili folda nzima kutoka mashine ya majaribio, nalo likaja pamoja na mizigo mingine. Kwa kuwa liliingizwa mwisho, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Faili tatu tulizokuwa tunazihangaikia tangu asubuhi zilikuwa hazina kauli yoyote.

Nimekaa na hasira hii muda mrefu, na leo naiandika, kwa sababu kila mfumo ninaoitwa kuusaidia, wa hospitali, wa saccos, wa duka la mtandaoni, naikuta mistari minne ile au ndugu zake. Tumefanya mipangilio kuwa jalala. Msimbo tunaupitia, tunaujadili, tunagombana kwa sababu ya jina la fungsheni moja. Mipangilio kila apitaye anatupia chake na kwenda zake. Halafu tunashangaa mfumo unanuka.

Watu wengi wakisikia hivi wananijibu kwamba dawa ni kurudi kwenye faili moja. Kila kitu kikae pamoja, mtu afungue mara moja, aone yote. Nimewahi kurithi faili la namna hiyo. Lilikuwa na mistari zaidi ya elfu na mia mbili. Orodha ya lugha za tovuti ilikuwa jirani na nywila ya hifadhidata. Ukubwa wa picha za bidhaa ulikuwa jirani na ufunguo wa kutuma ujumbe wa simu. Kulikuwa na "kama jina la mashine ni hili, fanya hivi, la sivyo fanya vile" mara kumi na saba, na baadhi ya mashine zilizotajwa zilikuwa zimezimwa zamani. Faili kama hilo lina ubaya ambao hauponi kwa kulipanga vizuri: huwezi kuamua likae wapi. Likiwekwa kwenye Git, siri zote zimekwenda nalo. Lisipowekwa, basi nusu ya akili ya mfumo haina kumbukumbu, na hakuna ajuaye nani alibadilisha nini na lini. Vitu visivyostahili kukaa chumba kimoja vimelazimishwa kulala kitanda kimoja.

Kwa hiyo gawanyeni. Mimi ni wa kundi la kugawa, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba mfumo wa wavuti wenye umri wa zaidi ya miezi sita na bado una faili moja la mipangilio umetelekezwa. Ninachopigana nacho ni kugawa bila sheria. Faili kumi zenye mpangilio unaojulikana ni nyepesi kubeba kuliko faili mbili zinazobishana. Na swali linalogawa sawasawa ni moja: nani ana haki ya kukibadilisha kitu hiki, na kikibadilishwa, kinabadilika kwa nani?

Chukua orodha ya programu ndogo zilizosakinishwa ndani ya Django, au mpangilio wa tabaka ambazo ombi hupitia kabla ya kufika kwenye msimbo wako. Hicho hakitofautiani kati ya laptopu yangu na seva iliyoko Frankfurt. Mwenye haki ya kukibadilisha ni anayeandika msimbo, na akikibadilisha kinabadilika kwa wote. Kikae kwenye msimbo, kikomitiwe, kipitiwe na wenzake. Hakina haja ya kuwa kigeu cha mazingira, na wale wanaogeuza kila tarakimu kuwa kigeu cha mazingira, hadi idadi ya bidhaa katika ukurasa, wanajitengenezea jalala la pili na kuliita usasa.

Chukua anwani ya hifadhidata, jina la tovuti, ile anwani ya majibu ya malipo iliyotunyima usingizi. Hizo ni za mahali. Kila mashine ina yake. Mwenye haki nazo ni anayeendesha mashine hiyo, na hazina kazi ndani ya msimbo. Mwaka 2011 Adam Wiggins, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Heroku, aliandika waraka wa kanuni kumi na mbili za programu za wavuti, na ya tatu ilikuwa hii: mipangilio inayotofautiana kwa mahali itoke kwenye mazingira. Akatoa na kipimo ambacho bado hakijapata mpinzani: je, ungeweza kuuweka msimbo wako wote hadharani sasa hivi, dakika hii, bila siri yoyote kuvuja? Ukisita, umeshajibu.

Kisha siri zenyewe. Hapa sina subira na mtu. Mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye ghala la msimbo la Uber huko GitHub, ghala la faragha, lisiloonekana na umma. Ndani yake wakakuta funguo za akaunti ya Amazon ambako data zilihifadhiwa. Wakachukua taarifa za abiria na madereva milioni 57. Kampuni ikawalipa dola 100,000 wanyamaze, ikakaa na siri hiyo mwaka mzima, na mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 148 kumaliza kesi na majimbo ya Marekani. Chanzo kilikuwa ufunguo uliolala kwenye faili ambalo mtu aliamini hakuna atakayelisoma. Ghala la faragha si sefu. Kila aliyewahi kulinakili ana nakala ya siri zako, na kuifuta siri leo hakuiondoi kwenye historia. Git haisahau, hiyo ndiyo kazi iliyoumbiwa. Siri iliyowahi kukomitiwa imekwishatoka. Dawa yake ni kuibatilisha na kutengeneza nyingine, siku hiyo hiyo.

Na kwetu hapa kuna tabia moja ambayo ningekuwa na uwezo ningeikataza kwa sheria. Mtu amejenga mfumo kwa Laravel. Ana eneo la bei nafuu kwenye seva ya kushirikiana. Laravel imepangwa ili folda ya public pekee ndiyo ionekane na dunia, lakini yeye anaupakia mradi wote ndani ya public_html, kwa sababu video aliyoitazama ilifanya hivyo na ukurasa ukafunguka. Sasa .env imeketi barabarani. Yeyote akiandika jina la tovuti na kuongeza .env mwishoni anaweza kusomewa nywila ya hifadhidata, ufunguo wa barua pepe na siri za malipo. Unadhani hakuna atakayejaribu? Fungua kumbukumbu za maombi za seva yako yoyote iliyo kwenye intaneti, tafuta neno .env. Utakuta mashine za watu usiowajua zimebisha hodi jana, juzi, na kila siku tangu uwashe seva. Hawakujui wala hawana ugomvi nawe. Wanapita mlango kwa mlango wakijaribu vitasa.

Tunahifadhi majina ya watoto wa watu humo, namba za simu za wazazi wao, madeni yao. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina yake tangu 2022. Lakini hata kusingekuwa na sheria hata moja, yule mama aliyesimama mbele ya mwalimu mkuu alitukabidhi namba yake akiamini tuna akili.

Sasa nirudi kwenye kiini cha ugonjwa, maana kugawa faili ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua nani anamfunika nani. Na hapa nasikitika kusema kwamba zana zetu zenyewe hazikubaliani. Kwenye Django ukiingiza faili mbili zenye jina moja la mpangilio, la mwisho linashinda. Maktaba nyingi zinazosoma .env, kama hazijaambiwa vingine, hazigusi kigeu ambacho tayari kipo kwenye mazingira, kwa hiyo aliyetangulia anashinda. Kwenye seva ya wavuti ya Nginx, vipande viwili vikidai jina moja la tovuti kwenye mlango uleule, cha kwanza kinashinda na cha pili kinapuuzwa kwa onyo dogo ambalo wachache hulisoma. Laravel nayo, ukishaendesha amri ya kuweka mipangilio kwenye kashe, .env haisomwi tena kabisa. Unaweza kuihariri hadi kesho, mfumo unasoma kashe. Sheria nne, mashine moja, na kijana wa miaka ishirini na mbili tunamkabidhi nywila ya seva siku yake ya tatu kazini bila kumweleza hata moja.

Hiyo ya Nginx nimeiona kwa macho yangu, na naieleza kwa sababu imejificha ndani ya lugha yetu wenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu, Nginx husoma kila faili lililomo kwenye folda ya sites-enabled, kila faili bila kujali mwisho wa jina lake, kwa mpangilio wa alfabeti. Mtu anataka kubadilisha faili linaloitwa tovuti. Ni mwangalifu, kwa hiyo kwanza anatengeneza nakala, na anaiweka hapohapo. Anaipa jina la Kiswahili, zuri, linaloeleweka: nakala-tovuti. Anahariri tovuti, anawasha upya, hakuna kinachobadilika. Anahariri tena. Anaapa kwamba Nginx imeharibika. Herufi n inatangulia herufi t. Nakala ya zamani inasomwa kwanza, na nakala ya zamani ndiyo inayotawala. Uangalifu wake ndio uliomnasa. Angeiweka nakala ile nje ya folda, au angeiachia Git kazi ya kutunza ya zamani, angekwenda kulala mapema.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na thamani moja haiwezi kuwa na nyumba mbili. Kwenye kituo kimoja cha mafuta, mfumo wa mauzo ulikuwa na saa za eneo mahali pawili. Faili kuu lilibaki na UTC, kama Django inavyolizalisha siku ya kwanza ya mradi. Faili la ripoti, lililoandikwa na mtu mwingine, lilikuwa na Africa/Dar_es_Salaam. Matokeo yake, kwa upande mmoja wa mfumo siku mpya ilikuwa inaanza saa sita usiku, na kwa upande mwingine saa tisa usiku. Mauzo ya saa tatu zile yalihesabiwa jana kwenye karatasi moja na leo kwenye nyingine. Dada wa zamu ya usiku ndiye aliyeitwa ofisini kueleza pesa ziko wapi. Aliitwa zaidi ya mara moja. Alihesabu noti mbele ya meneja huku mikono ikimtetemeka, na zilikuwa kamili, na karatasi ilikuwa inasema hazijakamilika. Hakuna aliyemwomba radhi mistari miwili ile ilipopatikana. Ninaposikia mwandika programu anasema mipangilio ni kazi ndogo ya kumwachia mwanagenzi, namkumbuka dada yule.

Wapo wanaonijibu: sisi ni kampuni ndogo, watu watatu, hizo ni hofu za makampuni makubwa. Hoja hii imegeuzwa miguu juu. Kampuni kubwa ikimpoteza mtu mmoja ina wengine mia wanaojua. Ninyi watatu mkimpoteza mmoja mmepoteza theluthi ya kumbukumbu, na kama mipangilio ilikuwa kichwani mwake, imepanda naye ndege kwenda Dubai na namba yake haipatikani. Mdogo ndiye anayehitaji mpangilio kuliko mkubwa. Na wakubwa wenyewe wamelia. Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni ya hisa ya Knight Capital huko Marekani ilipeleka toleo jipya la programu kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ikasahaulika. Toleo jipya lilikuwa limeazima swichi ya zamani ya mipangilio na kuipa maana mpya. Kwenye ile seva ya nane swichi ileile bado ilikuwa na maana ya kale, ikaamsha msimbo uliokuwa umekufa miaka mingi. Agosti 1, dakika arobaini na tano zikatosha kuwapotezea zaidi ya dola milioni 440. Kampuni haikupona, na mwaka uliofuata ikamezwa na nyingine. Jina moja, maana mbili.

Novemba 18, 2025 Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake, iliangusha sehemu kubwa ya tovuti za dunia kwa sababu faili la mipangilio linalotengenezwa na mashine lilivimba mara mbili ya ukubwa wake. Programu iliyolisoma ilikuwa na kikomo cha vipengele 200, ikakuta zaidi, ikaanguka. Faili lilisambazwa kwenye seva zao zote duniani bila mtu wala mashine kusimama mlangoni na kuuliza kama lina akili. Msimbo wao usingepita hivyo. Mipangilio ilipita.

Jambo linalonichoma kuliko yote ni kunyamaza. Lugha zetu za programu zimejaa njia za kunyamaza. Kwenye Python unaweza kuandika os.environ.get, ukaipa thamani ya akiba kama kigeu hakipo, na msimbo ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Nywila ya hifadhidata haipo? Tumia "password". Ufunguo wa siri haupo? Tumia ule wa majaribio. Anwani ya majibu haipo? Tumia ya laptopu ya kijana. Aliyeandika hivyo alitaka mfumo usimsumbue asubuhi akiwasha mashine. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mfumo aliouonea huruma kwenye laptopu yake umekuja kuwaliza wazazi kwenye geti la shule.

Ona na hili. Mtu anaandika kwenye .env kwamba DEBUG, swichi ya kuonyesha makosa, ni False. Vizuri, ni mwangalifu. Lakini kila kinachotoka kwenye mazingira ni maandishi, na kwenye Python maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli, hata yakiwa yameandikwa False. Kwa hiyo asipoyageuza kwa mkono, DEBUG imewaka. Mfumo uko laivu, ukurasa wa makosa unamwonyesha mgeni yeyote njia za mafaili yako na vipande vya msimbo wako, na mwenye mfumo anaapa kwamba ameizima, na neno lenyewe anakuonyesha kwa kidole. YAML nayo, muundo mwingine wa kuandikia mipangilio, kwenye kanuni zake za 1.1 ambazo zana nyingi bado zinazifuata, ukiandika NO kama kifupi cha nchi ya Norway unapewa "hapana". Nchi nzima imegeuzwa kuwa kukanusha, na faili halikulalamika.

Kwa hiyo dai langu kwa kila anayeandika mfumo unaogusa pesa au jina la mtu ni kwamba mfumo ukague mipangilio yake kabla ya kufungua mlango. Pawe na sehemu moja tu kwenye msimbo inayosoma mazingira, faili moja, na sehemu nyingine zote ziulize hapo. Faili hilo litaje kila kinachohitajika, liseme ni namba au ni maandishi au ni ndiyo na hapana, na kikikosekana hata kimoja mfumo usiwake. Uanguke palepale, mbele ya aliyeuwasha, ukitaja kwa jina kilichokosekana. Pembeni yake pawe na .env.example yenye majina yote bila thamani, kila jina na sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza ni nini na anaombwa nani. Anayeanza kazi Jumatatu aisome, aijaze nakala yake, aendelee. Rails, zana nyingine ya kujengea wavuti, huanzisha kila mradi na faili tofauti za development, test na production, na tangu toleo la 5.1 la mwaka 2017 inakuwezesha kukomiti siri zikiwa zimefungwa kwa ufunguo ambao wenyewe haukomitiwi. Njia zipo. Hakuna anayetudai kubuni kitu.

Na hariri za moja kwa moja kwenye seva zikome. Najua utamu wake: unaingia, unagusa mstari, tatizo linaisha, bosi anafurahi. Baada ya wiki mbili mwenzako anapeleka toleo jipya, mstari wako unafutika, tatizo linarudi, na wewe uko msibani Tanga na simu imezimwa. Ukilazimika kugusa usiku wa dharura, gusa, kisha kabla hujafunga laptopu uandike ulichogusa mahali ambapo wenzako watakiona. Dakika tano. Nimewahi kuona ofisi ikikesha kazini kwa sababu mtu alizionea uvivu dakika tano hizo.

Wanaotetea local_settings huniambia kwamba inawarahisishia kazi. Nawaelewa, na mimi nilikuwa natumia. Ilinirahisishia kazi mpaka siku iliyonizidishia, na siku hiyo mzigo haukuwa wangu peke yangu. Niliugawa kwa wazazi ambao hawajawahi kusikia neno Django. Mmoja wao, fundi cherehani, aliniambia kwenye simu kwa upole ambao hadi leo unanirudia: "Baba, mimi sijui mambo yenu, ila mtoto kasimamishwa mbele ya wenzake." Sikuwa na jibu. Ningemweleza nini, habari za mpangilio wa kuingiza mafaili?

Usiku ule, baada ya mwenzangu kuacha kusoma, tuliangaliana kwa muda. Nilitaka kuifuta anwani iliyokuwa ndani ya local_settings na kwenda nyumbani. Yeye akakataa. Alisema tukiondoka sasa tutarudi tena. Akaanza na ile mistari minne chini ya production.py, akaifuta. Akaifuta anwani kwenye base.py, akaifuta kwenye production.py, na kwa kuwa sasa hakuwa anaiamini hata .env aliyoikuta, akaiondoa yote na kuanza tupu. Mahali pa os.environ.get akaweka kusoma kusiko na akiba. Tukawasha upya.

Mfumo ukagoma kuwaka. Kwenye dirisha jeusi ukaandika jina la kigeu cha kwanza kilichokosekana, ukasimama. Tukakijaza, ukagoma tena, ukataja cha pili. Tukaenda nao hivyo, kimoja kimoja, hadi cha kumi na nne, kila thamani ikisomwa kwa sauti na kuulizwa imetoka kwa nani. Saa kumi alfajiri ukawaka. Tukawaomba kampuni ya malipo watutumie upya taarifa zote tangu Ijumaa, na zikaanza kuingia, jina baada ya jina. Fundi cherehani alikuwa wa tisa. Nilisubiri hadi saa kumi na mbili na nusu, muda ambao mwalimu mkuu huwa amefika shuleni, nikampigia kumsomea orodha.